Karatasi Aliyotaka Isomwe: Mwalimu Protus Nabiswa Anastaafu

Baada ya miaka tisa Saudia, minne ya ulinzi Riyadh na mitano katika stoo ya fanicha hapa Al-Mahjar, Jeddah, ndugu yetu Protus Nabiswa anastaafu Alhamisi, tarehe 27 Juni 2019, akiwa na umri wa miaka sitini.

Kabla ya kuja alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na shule yenyewe, kule Kimilili, Kenya, akifundisha historia. Hapa alibeba kabati kama sisi wote, na mgongo wake ni shahidi. Lakini Ijumaa, tukishafua nguo, alifundisha. Alichora ramani ya Amerika, na meli tatu za Wazungu wa kwanza kufika, kwa makaa kwenye katoni. Siku moja katoni hiyo ilipakiwa ikapelekwa kwa mteja mtaa wa Al-Safa, na madam mmoja akapiga simu kuuliza hizo meli tatu ni za nini.

Somo alilolipenda ni jinsi Wazungu walivyoingia Amerika. Walifuata dhahabu au walipeleka dini? Onesmus, mpakiaji mwenzetu, alisema dini ilikuwa kisingizio tu. Mwalimu alilikataa jibu hilo rahisi. Alisema wengi waliamini kwa dhati, na wapo mapadri waliowatetea wenyeji mbele ya mfalme wa Hispania. Hata Waingereza waliokwenda kule ili waabudu walivyotaka, safari yao iligharimiwa na wafanyabiashara waliongojea faida. Mtu akiamini Mungu ndiye aliyemtuma, alisema, haoni aibu kujaza gunia. Onesmus akamjibu, "Basi ajenti aliyenileta huku ni Mhispania, Mwalimu. Aliniombea mpaka nikalia, kisha akaondoka na hati ya shamba."

Alitueleza pia kuhusu waraka ambao Wahispania waliwasomea wenyeji kwa Kihispania: likubalini Kanisa na mfalme, la sivyo ni vita, na lawama ni yenu. Mara nyingine waliusoma katika vijiji vilivyokwisha kuhamwa. Tulicheka sana.

Mwaka jana hatukucheka. Karani mgeni alileta karatasi ya Kiarabu, akasema ni ya likizo, yalla, haraka, saini. Tukapanga foleni. Mwalimu, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja arudi kwa mkewe Selipher, alikunja mikono akasema hatasaini mpaka isomwe kwa Kiswahili. Karani akamwita mzee mkaidi. Shee, dereva wetu kutoka Lamu, akaisoma polepole: tulikuwa tunakubali kuhamia Riyadh, miaka mitatu zaidi, sote. Kalamu zikarudi mifukoni.

Baada ya siku mbili za kelele, bosi alisema asiyesaini abaki Jeddah. Hillary peke yake, aliyekuwa mbele ya foleni, alikuwa ameshasaini. Yuko Riyadh mpaka leo. Mwalimu humpigia simu kila wiki, na hajawahi kujisifu kwa siku ile. Husema alichelewa kwa mtu mmoja.

Asante, Mwalimu. Selipher amekungoja vya kutosha. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na siku nyingi ambazo hakuna mtu atakayekupangia zamu.