Alejandrina Norabuena, Msoma Rangi za Ziwa Illacocha

Miaka thelathini na mmoja na likizo za kuhesabu kwa vidole: ndio utumishi wa Alejandrina Norabuena katika kituo chetu cha hifadhi cha Illacocha, juu milimani. Anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kama mpishi. Haikupita miaka miwili, mkuu wa kituo akagundua kwamba wageni wanaulizia njia jikoni badala ya kwetu sisi askari wa hifadhi. Akapewa sare. Suruali ilikuwa ya kiume, akaikaza kwa mshipi wa sufu alioufuma mwenyewe.

Kila alfajiri alipanda ziwani na kuandika rangi ya maji daftarini: “kijani cha jani la koka”, “buluu ya chupa”, “maziwa yenye majivu”. Tulimtania sana.

“Mama, leo ziwa limevaa nini?”

“Limevaa vizuri kuliko wewe.”

Mwaka wake wa kumi na tisa kazini, mwezi Agosti, alishuka akafunga njia ya kupanda ziwani. Upande ule ambako barafu ya mlima huning'inia juu ya ziwa, maji yalikuwa ya kijivu kizito kama tope. Langoni walikuwa wanafunzi thelathini na sita waliosafiri usiku kucha kutoka pwani kuja kuliona ziwa, na mwongozaji wao alikuwa amekasirika.

“Mama, maji haya hubadilika kila siku. Unawarudisha watoto kwa sababu ya rangi?”

“Hubadilika, ndiyo. Lakini hivi sijawahi kuyaona.”

Mkuu aliyekuwapo wakati huo akaamuru kwa redio tufungue. Alejandrina akasimama katikati ya njia, akasema, “Basi apande aje anitoe mwenyewe.” Nilisimama naye, ingawa, niseme kweli, sikumwamini.

Saa tano na dakika ishirini mlima ulinguruma. Pande la barafu liliporomoka ziwani, na wimbi likazoa mabenchi yote ya ufukweni, pale pale wanafunzi walipopangiwa kula chakula cha mchana. Mwongozaji aliketi chini. Alejandrina alimletea chai ya moto ya majani ya koka, wala hakumkumbusha neno.

Jioni alikuwa akimenya viazi. “Ningekosea, ningefukuzwa kazi,” aliniambia. “Na bado niliomba niwe nimekosea.”

Tangu hapo kila zamu huandika rangi ya maji, na hakuna anayecheka. Askari kumi na wanne amewafundisha yeye, nami nikiwamo.

Sasa anarudi kijijini kwake Musho kwa kondoo wake, kwa shamba la viazi, na kwa mumewe Hilario, ambaye kwa miaka yote hiyo amekula chakula cha Jumapili peke yake, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku wageni hufurika.

Dada Alejandrina, asante kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Nenda kwa amani, na miaka iliyobaki ikupe afya na furaha. Jumapili hii mwambie Hilario apakue sahani mbili.