Salamu Iliyofichwa Dirishani

Sogea, uniapie kwanza kwamba haya yataishia sikioni mwako. Umeapa? Haya, hata mimi nilimwapia mpwa wangu hivyohivyo. Kijiweni kwangu tunamwita Dirisha, maana kazi yake ni madirisha ya kwenye kompyuta, yale ya kujaza na kubonyeza. Kumbe dirisha moja linataka maagizo chungu nzima: jichore, jipanue, jifunge. Yeye kayafungasha yote ndani ya kitu wanachokiita klasi. Mimi naliita ganda. Ukitaka dirisha jipya, unalizalisha kwenye ganda lile, linarithi kila kitu kama mtoto kwa mama, nawe unaongeza vyako tu. Na siri ndiyo hii: mle ndani kaficha neno la kuniaga mimi, shangazi yake niliyemlea. Dirisha usipolifundisha kuaga, ukilifunga litaaga kwa maneno ya mama yake.

Basi asubuhi hiyo nawamiminia kahawa mbele ya ofisi yao. Bosi alikuwa aje kuchagua nani aongoze kazi ya madirisha, mpwa wangu au Kavu. Kavu anakunywa bila sukari na hujisifu kuandika kila agizo kwa mkono wake. Tangu wenzake waanze kutumia ganda na kuacha kumuuliza yeye, wivu umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

— Ganda ni la wavivu, akasema Kavu. Mimi hata kuligusa sijaligusa.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, akadakia Soli, mshona viatu wetu, akidhani anamsifu mpwa wangu.

— Na mle ndani kaficha nini? akauliza Kavu. Mbona halioneshi?

Hapo akafunguka. Mara ganda likigoma ofisi nzima itagoma, mara Dirisha anachungulia mishahara ya watu kupitia humo. Soli naye akaapa kwamba hata madirisha ya vioo ya ofisini siku hizi yanajifungua yenyewe. Mpwa wangu anapuliza kikombe chake.

— Kunywa, baba, nikamwambia Kavu. Wivu haupoi, kahawa inapoa.

Bosi akafika, akaketi kwenye benchi letu, akataka kuona kazi. Kavu akawahi kuweka kompyuta yake mapajani. Dirisha likafunguka, la kijani, limenyooka, zuri kwa kweli. Hata mpwa wangu aliinamisha kichwa.

— Hili umeliandika mwenyewe lote? Bosi akauliza.

— Mstari kwa mstari, Bosi. Kwa mikono hii.

Mpwa wangu akanitupia jicho. Mimi nikajitia kupangusa birika.

— Haya, lifunge tuone.

Kavu akabonyeza. Dirisha halikufungika. Yakatokea maandishi katikati, makubwa, na Soli akayasoma kwa sauti, polepole, kama anayehesabu misumari:

— Shikamoo, shangazi. Naondoka.

Kavu akabonyeza tena. Likaamkia tena. Kidole kikabaki palepale juu ya kitufe, na benchi zima likamgeukia.

— Kavu, akasema Bosi, huyu shangazi ni wako?

Salamu haiachwi ikining'inia, mwenzangu. Nikaweka birika chini.

— Marahaba, mwanangu.