Blanketi Moja, Homa Mbili: Safari ya Edith Kawira

Mchungaji, ndugu wa damu na ndugu wa ugenini, naitwa Miriam, mtoto wa dada yake Edith Kawira, shangazi niliyemwita Tata, na nimesimama kuwasomea maisha yake kwa sababu watoto wake wanamsubiri airport Nairobi, na kwa sababu hapa Doha ni mimi peke yangu ambaye sina bosi wa kuombwa ruhusa, basi mnivumilie ulimi, Tata mwenyewe alisema nimeurithi kwa nyanya.

Edith Kawira alizaliwa tarehe 9 Aprili 1955 karibu na Nkubu, Meru, mtoto wa nne kati ya saba, akasoma kuanzia mwaka 1963 hadi darasa la saba mwaka 1969, akapita mtihani, lakini karo ya sekondari ikapewa kaka yake, jambo ambalo hakulisahau, ndiyo maana nilipohitimu shahada ya maikrobiolojia mwaka 2013 alilia kwa simu kuliko mama aliyenizaa, wala hakujua kwamba karatasi ile ningetarmac nayo hadi soli ziishe, kila ofisi ikiniuliza experience, kana kwamba experience inauzwa dukani kwa kilo.

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na Jeremiah Mutwiri, fundi wa mabomba, wakajaliwa Paul na Emily, na Jeremiah alipofariki mwaka 1994 Tata alienda Nairobi kulea watoto wa watu ili wake wasome, kisha Februari 2001 akaja Doha na familia aliyoifanyia kazi, na ilipoondoka mwaka 2006 akaajiriwa kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya West Bay, akapanga kitanda Al Mansoura, chumba cha wanawake saba, ambamo alinipokea hata mimi Septemba 2016, baada ya wakala aliyeniahidi kazi ya maabara kuzima simu, khalas, yakaishia hapo, nikabaki na cheti, sanduku na aibu.

Sasa niseme la homa, kwa maana ndiyo iliyotukusanya hapa. Novemba 2009 homa ya nguruwe iliingia chumba kile, ikamlaza Tata siku tatu tu, lakini Phyllis, mwenzake wa chumba, aliyekuwa na miaka ishirini na sita na nguvu za kubeba mtungi wa gesi begani, alikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki mbili, namshukuru Mungu namwona pale nyuma, na wote wakastaajabu kwamba mzee ameinuka na kijana ameanguka, wakatafuta sababu, wakaiona kwenye sufuria, kwa kuwa Tata alikuwa amejifukiza kwa Vicks, ndimu na tangawizi. Tangu hapo ikawa sheria ya chumba, mmoja akikohoa wote wanaingia chini ya blanketi la kijani la Tata, vichwa vyote juu ya mvuke mmoja, na Tata akaitwa Daktari.

Sufuria haikumponya, wapendwa. Kirusi cha 2009 kilikuwa aina ya H1N1, na watu wengi waliozaliwa kabla ya mwaka 1957 walikutana utotoni na jamaa zake wa zamani, miili yao ikabaki na kumbukumbu fulani, na hiyo huenda ndiyo sababu kiliwapita wazee wengi kikawaangukia vijana. Lakini yuko mwingine, H3N2, aliyeingia kwa binadamu mwaka 1968, Tata akiwa tayari msichana wa miaka kumi na mitatu, naye mara nyingi hufanya kinyume, kijana humlaza siku mbili akaamka, mzee humkalia kifuani, tena hubadilisha koti haraka kuliko wenzake, hata chanjo ya miaka iliyopita inaweza isimtambue. Zote mbili tunaziita flu, lakini kuugua moja hakukukingi na nyingine, ni kama kumwonyesha askari wa hapa bataka, kitambulisho cha ukaazi, ya mtu mwingine, jina ni la ukoo mmoja, sura siyo yako.

Haya yote nilimwambia Oktoba, hoteli ilipotoa chanjo ya msimu bure, naye akanijibu mbele ya chumba kizima, "Wewe mtoto, homa yenu niliimaliza 2009, na hiyo digrii imekuletea nini? Hata paka wa Al Mansoura ana kazi, anakamata panya!" Wakacheka, nami nikacheka kwa meno, ndani nikawaka, nikaapa sitafungua tena mdomo, na kiapo hicho, jamani, ndicho kinachoninyima usingizi.

Tarehe 4 Januari mwaka huu, 2017, Hannah, mwenzetu wa chumba, alirudi kutoka kazini Lusail akitetemeka kwa homa, blanketi likashushwa, na Tata ndiye aliyemwinamia karibu kuliko wote, akimsugua mgongo, "Vuta, mama, vuta," nami nilikuwa mle mle, nimegeukia ukuta. Hannah, usilie, wewe hukujua, aliyejua ni mimi. Tarehe 8 Tata akaanza homa, siku tatu akakataa hospitali, "Nipikieni sufuria tu, mafi mushkila, hakuna shida," na asubuhi ya tarehe 11 midomo yake ilipogeuka rangi, jirani yetu Tom alitupeleka kwa gari, maabara ikasema ni H3N2, nimonia ikiwa imeshafunika mapafu yote mawili, na Jumanne tarehe 17 Januari, saa kumi na dakika ishirini alasiri, alitutoka, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku sita, wenzake wa chumba cha kufulia waliopishana zamu wamtazame, majirani wa Al Mansoura, na Tom ambaye hakuuliza mafuta.

Namalizia na lisilo kwenye karatasi hii. Mama Cherotich, mwenzetu wa Al Mansoura, unakaa safu ya pili, una miaka hamsini na minane, umekohoa tangu Jumatano, nimekuhesabu mara kumi na nne nikisoma, na nimesikia wenzako walivyopanga mlangoni kwamba tukitoka hapa watakufukiza chini ya blanketi la Daktari, kwa heshima yake. Blanketi hamtalipata, nimelifunga kwenye mfuko, nimelikanyaga hapa chini ya miguu yangu. Naogopa, wapendwa, naogopa kusoma karatasi nyingine kama hii, na leo sinyamazi, niiteni jobless, nichekeni kwa yule paka, nitasema. Gari la Tom liko getini, injini inanguruma, na nimewaomba wabeba jeneza wasubiri, Tata hatoki humu mpaka wewe utangulie kwa daktari, maana maisha yake yote hakuwahi kupanda gari kabla ya mgonjwa.

Mama Cherotich, inuka, Hannah akushike mkono. Tata, wewe sasa lala, upumzike kwa amani.