Swali la Twiga Lililongoja Sabato Ipite

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayemenya ndizi na wewe uliyetoka sasa hivi kuchuma chai, pumzisha mikono kidogo. Leo tunamkumbuka Persis Bochaberi wa Manga, aliyezikwa Jumapili iliyopita. Alizaliwa mwaka wa nzige. Alisoma hadi darasa la tatu. Darasa la tatu tu, wasikilizaji. Mlishike hilo, maana sisi wa sekondari tutaaibika mbele ya safari.

Masomo mengine Persis aliyapata dukani. Miaka ile ya sitini, sukari ilifungwa kwa kurasa za magazeti ya zamani. Bwana Ogari, mwenye duka pale Birongo, alimjua mteja wake.

"Ratili moja, mama?"

"Moja, baba. Lakini usinifungie kwa matangazo ya vifo. Nipe michezo, au nchi za mbali."

Nyumbani alimwaga sukari, akaipangusa karatasi, akasoma. Ndivyo alivyojua kwamba ziwa lenye kina kuliko yote liko Siberia, na kwamba pweza ana mioyo mitatu.

"Mitatu ya nini?" mumewe, mzee Onchiri, alishangaa.

"Mmoja wa kazi, mmoja wa watoto, mmoja wa kumvumilia mume."

Mwaka 1968 Naftali Temu alipoleta dhahabu ya mbio za mita elfu kumi kutoka Meksiko, sote tulicheza. Persis naye alicheza, huku akitaja muda: dakika ishirini na tisa, sekunde ishirini na saba, nukta nne.

Sasa njooni 1973. Persis alikuwa katika darasa la ngumbaru, darasa la watu wazima, pale Manga. Wanawake ishirini na wawili, kitabu kimoja. Mmoja akisoma, ishirini na mmoja wanasubiri. Wakaambiwa wazi: vitabu visipopatikana, Krismasi darasa linafungwa. Ndipo likatangazwa shindano la chemsha bongo sokoni Nyakoe, chini ya mlima wa Manga. Zawadi ilikuwa sanduku la vitabu sitini. Manga wakamtuma Persis. Nyakoe wakamtoa Mwalimu Nyamweya, Mkatoliki, mwalimu wa elimu ya viumbe, tai shingoni.

Siku ilikuwa Ijumaa, saa nane. Lakini mwamuzi, Bwana Mogire, aliwasili saa kumi, matope hadi magotini. Na Persis alikuwa Mwadventista. Ijumaa jua likitua, Sabato imeingia. Hakuna kazi, hakuna mashindano.

Wakaenda swali kwa swali. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Likabaki moja. Bwana Mogire akafuta miwani, akasoma, "Shingo ya twiga ina mifupa mingapi?"

Papo hapo jua likazama nyuma ya mikaratusi. Persis akafunga mdomo, akachukua kikapu chake.

"Mama, jibu!"

"Sabato imeingia, Bwana Mogire."

Esnah, mwenzake wa ngumbaru, akaruka juu. "Persis! Tazama kule mlimani! Manga jua bado linawaka! Kwako bado ni Ijumaa!"

Na kweli, kilele cha Manga kiling'aa. Watu wa Manga wakashangilia kama wamefunga bao.

"Esnah dada yangu," Persis akasema, "miguu yangu iko Nyakoe."

"Basi tukubebe juu ukajibu!"

"Tukifika, litakuwa limetua huko pia."

Akaenda zake. Wanawake wakamfuata. Wengine walilia, maana darasa ndilo hilo lilikuwa likienda.

Kanuni ilisema, mmoja asipojibu, mwenzake akipata, sanduku ni lake. Mwalimu Nyamweya akaulizwa. Akawatazama wale wanawake wakipanda njia. Akakohoa.

"Sijui."

"Mwalimu!" mwanafunzi wake Nyasani akapaza sauti. "Si Jumatano ulituandikia ubaoni?"

"Nyasani, keti chini. Bwana Mogire, mimi sijui mpaka Jumatatu. Jumapili nina misa."

Binti yake Persis, Mokeira, anaikumbuka Jumamosi hiyo: "Mama alikuwa kama mtu aliyeficha kaa la moto mdomoni. Jua lilipotua, hata jiko hajawasha, akasema, 'Saba!' Nikamwuliza, saba nini? 'Twiga! Ana saba, sawasawa na wewe!'"

Shindano likasogezwa hadi Jumatatu, lakini kufikia siku hiyo Nyakoe nzima ilikuwa imeshajua jibu la twiga. Asante, Nyasani. Bwana Mogire akaleta swali jipya: mji mkuu wa Australia. Mwalimu akawahi: "Sydney!" Anaapa mpaka leo kwamba safari hiyo hakujifanya. Persis akasema taratibu, "Canberra." Sanduku likapandishwa Manga, na Mwalimu Nyamweya mwenyewe ameshika upande mmoja, tai imekwenda mgongoni.

Darasa halikufungwa. Halijafungwa hadi leo. Jumapili iliyopita, mazishini, pasta alingoja sana kuanza ibada, kwa sababu Esnah, aliyekuwa akitia sahihi kwa kidole gumba kabla ya ngumbaru, alijaza ukurasa mzima wa kitabu cha rambirambi na akakataa kuachia kalamu. Nyuma yake wenzake walipanga foleni, kila mmoja akidai zamu yake.

Mzee Onchiri, Mokeira, na jamaa yote ya Manga, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi, wasikilizaji wapendwa, tufikiri: karibu na boma lako yuko mtu aliyesoma madarasa matatu, na hujawahi kumwuliza chochote. Nenda kamwulize. Ukikuta ni Ijumaa jioni, mngojee.