Nilizeeka Kabla ya Baba Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimeona vijana mkisimama kunipisha kiti. Asanteni, ila nina miaka arobaini na mbili tu. Haya makunyanzi nimeyanywa mwenyewe.

Mimi ni mrina asali wa kule Ugalla. Tangu ujana nilikunywa wanzuki, pombe yetu ya asali, asubuhi mpaka jioni. Mke wangu alilia, nikamcheka. Nilimwambia asali ni dawa, inatibu kikohozi na vidonda, sasa pombe yake itanidhuru vipi? Ndugu zangu, niliamini hivyo kwa moyo wote! Hata meno yalipoanza kulegea na nguvu kuniisha, niliongeza kikombe ili nipone.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nikashindwa kupanda mti kufuata mizinga. Baba yangu, mzee wa miaka sabini, akawa anapanda badala yangu, amefungwa kamba kiunoni. Mimi nilibaki chini kuishika. Siku moja tawi likamkatikia. Sikuwa nimelewa siku hiyo, pombe ilikuwa imeisha kambini kwetu porini, na ndiyo maana mikono ilitetemeka vibaya zaidi. Kamba ikaniponyoka. Baba akaanguka, akavunjika mguu.

Hata kumbeba sikuweza! Wenzetu walimpakia kwenye baiskeli hadi zahanati, mimi nikifuata nyuma nahema. Mganga alipotuona akamuuliza baba, "Mzee, huyu mdogo wako anaitwa nani?"

Baba alicheka na maumivu yake yote. "Mdogo wangu? Huyu ni kitinda mimba wangu!"

Mganga hakucheka. Alinitazama macho, yalikuwa ya manjano. Akaniuliza nakunywa nini, nikamjibu wanzuki tu, ni asali ile. Akasema kwa upole kwamba ikishakuwa pombe, ini halijui kama ilitoka kwenye mzinga. Akasema pombe ya kila siku inaula mwili kutoka ndani kama kutu inavyokula jembe lililoachwa mvuani, na ndiyo maana nimezeeka kabla ya wakati.

Aibu ilinishika, jamani! Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji. "Bwana, ujana sikuombi. Nipe mikono ya kumshika baba yangu."

Mganga alinilaza kitanda cha pili, maana alisema kuacha ghafla nikiwa peke yangu kungeweza kuniua. Nilitetemeka, nikatapika, nikaona nyuki wamejaa ukutani, nikapiga kelele. Baba, mguu umefungwa mbao, alininyooshea mkono kutoka kitanda chake. "Tulia, mwanangu. Hakuna nyuki humu. Mimi nipo." Nilikuwa nimemwangusha mimi, na bado aliniita mwanangu!

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijaonja. Sura ya ujana haijarudi, na mganga ameniambia ini langu halitakuwa kama zamani. Lakini macho ni meupe, nalima, nakula na watoto wangu. Mungu ni mwema!

Sasa naongea na wewe, kaka yangu wa benchi la nyuma, uliyekalia mikono yako ili tusiione. Sitakutaja jina. Ibada ikiisha usikimbie. Tutaomba, kisha kesho asubuhi nakupitia nyumbani, twende wote kwa mganga. Na akikuuliza mimi ni nani kwako, mwambie ni ndugu yako.