Ntate Tseliso Moletsane, Aliyemfungulia Simba

Wapendwa wasomaji wa jarida letu, mlio kazini na mliokwisha kupumzika, nawasalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko mliko? Vifua vinaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima kwa neema yake, ingawa mabomba yameganda siku ya tatu leo na nakata nyama kwa vidole visivyohisi kisu.

Nimeombwa niandike habari za Ntate, yaani Baba, Tseliso Moletsane, ambaye tarehe 28 Juni anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mimi ni Puleng Khoarai wa chumba cha nyama, ninayewakatia simba chakula chao. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi mtanivumilia. Lakini nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na lipo jambo moja ambalo lisipoandikwa sasa litakuja kusimuliwa vibaya.

Alianza hapa kama mkata manyoya, wakati shamba hili lilikuwa bado la kondoo. Kondoo walipouzwa na simba waliookolewa wakaanza kuletwa, wenzake walichukua kofia zao siku hiyohiyo. Yeye alibaki. Alisema hawezi kuwakimbia ndugu zake, maana ukoo wake ni Bataung, watu wa simba. Mimi ni wa ukoo wa mamba, na hilo hajanisamehe. Nikikata nyama ovyo huchungulia dirishani, akiniita mama kwa lugha yetu: "Mme Puleng, atakayekula ni shemeji yako, mkatie vizuri. Nyie wa mamba mnameza chochote, hata kwato."

Amejenga uzio wa kilomita ishirini na mbili. Amewahi kufukuzwa na mbuni akapanda juu ya tangi la maji, akakaa huko mpaka tukampelekea ugali kwa ngazi. Katika kwaya yetu anaimba sauti ya chini inayotikisa vikombe vya meza ya Bwana. Lakini kazi atakayokumbukwa nayo ni yule simba wa sarakasi.

Aliletwa miaka sita iliyopita, mwezi wa Mei, kutoka ng'ambo, akiwa ameishi miaka minane ndani ya tela la chuma. Jina la kwenye karatasi zake lilitushinda kulitamka, basi Ntate akamwita Motaung, yaani mtu mmoja wa Bataung, kama anavyoitwa yeye mwenyewe. Tulimpa eneo kubwa la nyasi, mawe ya kuotea jua, na banda lenye majani makavu. Tukaomba, tukamfungulia, tukangoja akimbie.

Alitembea hatua sita, akageuka. Hatua sita, akageuka. Kila akigeuka aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekwepa boriti. Baada ya wiki mbili nyasi zilikuwa zimekufa kwa umbo la tela, pembe nne kamili, na nje ya mstari ule hapakuwa na jani lililokanyagwa. Hapakuwa na ukuta, wala waya, wala kamba, na hakutoka. Theluji ya Julai ilimwangukia humohumo, banda likiwa hatua arobaini tu kutoka pale.

Tena kila siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, alisimama upande wa mashariki wa mstari wake, akainua kichwa, akatazama mahali pamoja hewani, kimo cha uso wa mtu mzima. Masikio mbele, kama anayesemeshwa. Halafu akashusha macho taratibu, kama kwamba aliyekuwa amesimama pale amekwenda zake.

Sello, dereva wetu, aliacha kupitisha gari upande ule. "Mimi nina watoto," alisema. "Kama kuna marehemu anaonana na simba, wamalizane wenyewe." Nami sifichi, nilikuwa nikipita pale nasoma Zaburi moyoni.

Akaanza kukonda. Gari la nyama likimkaribia, mnyama wa kilo mia na sabini alijikunja chini na kujikojolea. Daktari Annelie akatuambia wazi katika kikao cha asubuhi: vidonda vya baridi vimeingia ndani, baridi nyingine kali itafika katikati ya Agosti, na ikimkuta bado nje atampa sindano ya mwisho. Zilibaki siku kumi na mbili.

Ntate aliweka kiti nje ya uzio, akajifunika blanketi lake, akakaa siku tatu. Siku ya nne akaja kwangu.

"Mme Puleng, ua wa matete wa kwenu ulipoanguka, mlikuwa mnaingilia wapi?"

"Palepale penye mlango. Utaingiaje kwa watu kwa ubavuni kama mwizi?"

"Lakini ua haupo."

"Hata kama haupo, Ntate. Unasimama penye mlango, unapiga hodi."

Akakaa juu ya ndoo. "Basi sisi simba yule tunamwingilia ukutani. Kila siku tunapita katikati ya chuma cha tela lake na gari letu zima. Mnasema anaona mizimu. Mizimu ni sisi."

Kisu changu kilisimama. Nikamuuliza, na yule anayemtazama saa moja na saa kumi?

"Huyo ni mwenye ufunguo," akasema. "Anamngoja aje amfungulie."

Siku daktari alipomlaza simba kwa dawa ili amtibu meno, Ntate aliingia na fremu, akaisimika upande wa mashariki juu ya mstari, akaitia mlango wa chuma wenye komeo zito, na waya mrefu wa kuuvuta kutoka nje ya uzio. Sello alicheka mpaka akashika tumbo. "Tumemtoa mfungwa ng'ambo, Ntate anamjengea jela huku Free State."

"Jela anayo tayari, Sello. Alichokosa ni mlango."

Kesho yake saa moja akapiga hodi kwa sauti yake ile ya kwaya, akavuta. Komeo likalia. Ukafunguka mlango uliosimama peke yake katikati ya nyasi, huku na huku hakuna kitu. Simba akatazama pale pa siku zote, kisha akapita, mabega yamejibana kama kwamba tundu ni dogo, akaenda moja kwa moja bandani. Daktari Annelie alirudisha sindano kwenye sanduku, akaenda nyuma ya gari kufuta macho.

Tangu hapo, kila siku saa kumi Motaung huingia ndani ya mstari wake kula, na hatoki kwenda kulala bandani mpaka afunguliwe. Na Ntate ndiye aliyemfungulia, miaka sita. Ntate alipokwenda kumzika dada yake, Sello alivuta waya siku mbili, na siku mbili simba hakumkubali, akalala nje. Ncha ya sikio moja iliganda ikakatika. Basi alipopata barua ya kustaafu, furaha haikumkaa. Mkewe anamngoja nyumbani Ficksburg na miguu inayomuuma, na huku kuna mnyama ambaye baridi ya kwanza bila yeye ingemmaliza. Aliiambia ofisi: "Nipeni mpaka Juni. Nikishindwa, ichaneni barua."

Tangu Januari amekuwa akijiondoa kidogo kidogo. Kwanza aliacha kupiga hodi. Akasogea mbali. Akamwachia Sello waya. Akauacha mlango wazi, kisha akautoa, ikabaki fremu. Tarehe 11 mwezi huu, simba akiwa amefungiwa bandani, aling'oa na fremu.

Saa kumi Motaung aliingia akala. Jua likaanza kushuka na baridi kupanda. Akaenda upande wa mashariki, akainua kichwa, akatazama hewani kimo cha uso wa mtu. Ntate alikuwa kando yangu, mikono chini ya blanketi. Naijua hiyo mikono, niliitazama. Hakuna aliyevuta kitu. Simba akasimama muda mrefu, masikio mbele, kama anayesemeshwa. Kisha akainamisha kichwa, akajibana mabega, akapita.

"Nani kafungua?" akauliza Sello.

Ntate alivua kofia, akainama kidogo kuelekea pale, kama tunavyomsalimu mtu wa zamu inayofuata. Mimi nina imani yangu kuhusu aliyefungua, nami naiweka moyoni. Jioni nane sasa ni vivyo hivyo.

Ntate Tseliso, asante kwa miaka yote. Nenda ukapumzike Ficksburg, Mungu akupe magoti mazuri na meza isiyopungukiwa, na uishi kwa amani na mama.

Tutamuaga tarehe 28, saa nne asubuhi. Zawadi aliyoomba ni moja tu: mtakaokwenda kumtazama Motaung, zungukeni mwende kwa upande wa mashariki, penye mlango. Tafadhali nijibuni mapema, kabla ya tarehe 24, mniambie mnakuja wangapi.