Redio Inayotaka Udongo

Kijiwe cha Lower West Side, Buffalo, hakina benchi. Kina kiti cha nyuma cha gari la familia, kilichong'olewa na mtu asiyekumbukwa tena, kikaegemezwa ukuta wa saluni ya Dative, upande ambao upepo wa ziwa haufiki sana. Mikanda yake ya usalama bado inaning'inia, na mzee Polycarpe akikolewa na maneno hujifunga mmoja bila kujua. Ijumaa hiyo mchana walikuwa wanne kama kawaida. Polycarpe alifundisha Kifaransa Bukavu hadi mvi zikamwota, na hapa kila mtu humwita Maître. Cikuru, mtu wa ghala, huitwa Overtime, kwa sababu hata uongo wake huzidisha saa za kazi. Dative alisimama mlangoni na termosi ya kahawa. Wa nne alionekana miguu tu, maana mwili wake ulikuwa umejipenyeza chini ya dashibodi ya gari lake mbele ya kiti. Huyo ni Masumbuko. Jina lake la kijiweni ni Lazima, kwa kuwa tangu ashuke kwenye ndege hakuna aliyemsikia akisema "labda" wala "sijui".

Lazima alikuwa anafunga redio ya setilaiti, na ilikuwa lazima iseme kabla ya jioni. Kesho yake angeshuka Louisville kumchukua mama yake, mama Cibalonza, aje kuishi naye. Mwaka uliopita walikwisha kujaribu. Kila walipouacha mji, redio ya gari ilipoteza stesheni na kuanza kukoroma. Mama alivumilia mpaka Columbus, kwa binamu yao wa mtaa wa Clintonville, akashuka, akakataa kupanda tena ila kwa kurudi alikotoka. Siku vita ilipoingia Walungu, kwao Kongo, redio ya nyumbani ilikoroma vivyo hivyo, kisha watu wakakimbia, na baba yake Masumbuko hakuonekana tena. Safari hii mama alisema kwenye simu kwamba atajaribu mara moja tu, ya mwisho. Masumbuko hakumlaumu. Alimwonea huruma, halafu akaenda kununua redio.

Overtime: Lakini Lazima, juu ya nini usifungue tu kwaya ku simu? Kwaya itaimba toka Louisville paka hapa.

Lazima: Mama hataki kwaya ya simu. Anasemaka ile ni batu ba jana. Anataka mutu mwenye anasema leo, saa hii. Mutu akisema, mama anajua mbele kuko amani.

Dative: Na kale kadude kako ka kwanza, kenye hakana waya?

Lazima: Kale kalikuwa kanaazima nafasi ku FM. Ukikaribia muji, stesheni ya benyewe inakukalia juu. Nilijaribu paka Lackawanna tu. Pasteri mumoja akaingia katikati, kisha ikakoroma. Bon, sasa ni waya. Waya inaingia nyuma ya redio moja kwa moja, hakuna mutu wa kuingilia.

Maître: Donc unamufungia mulango pasteri.

Lazima: Namufungia, Maître. Kwa heshima.

Kazi ilikuwa imekwenda vizuri. Antena ndogo yenye sumaku ilikuwa imekaa juu ya paa. Waya wa antena ya zamani alikuwa ameuchomoa nyuma ya redio, akaupitisha kwenye kisanduku kidogo kilichokuja na mtambo. Waya mwekundu ulikuwa umeshika fyuzi. Ulibaki mweusi, na kwenye kibandiko chake kulikuwa na neno moja. Lazima alitoa kichwa nje, uso umejaa vumbi la zulia.

Lazima: Maître, ground ni nini?

Maître alinywa kahawa kwanza. Swali la lugha kwake halijibiwi na koo kavu.

Maître: Ground ni udongo. La terre.

Overtime: Basi ishushe paka chini iguse udongo.

Lazima: Ndugu yangu, gari inatembeaka.

Overtime: Na camion ya essence kwetu? Haitembeake? Si inaburutaka munyororo chini njia yote. Weye ulifikiri ni mapambo? Shoferi alikuwa anasikiliza redio.

Overtime hajawahi kupanda lori la mafuta maishani mwake. Lakini alilisema hilo kwa utulivu mkubwa, na Lazima, aliyekuwa tayari kuburuta hata kengele ya kanisa ilimradi mama apande, akaanza kupima kwa macho kimo cha gari.

Maître: Munyororo hapana. Polisi ya Ohio atakusimamisha, utamuelezea je? Kama gari haiwezi kukaa ku udongo, udongo ikuje mu gari.

Dative: Mu gari namna gani?

Maître: Mu chombo. Waya inachomekwa ndani. C'est logique.

Overtime: Udongo ya wapi, Maître? Njo swali. Kila state iko na udongo yake. Akivuka Pennsylvania na udongo ya New York, redio itamukatalia. Lazima abadilishe ku kila mupaka.

Maître: Setilaiti iko juu, haionake mupaka. Inaangalia mwenye gari. Lazima ni mutu wa Walungu, donc udongo ikuwe ya Walungu.

Overtime: Hapo umesema. Simu zote za dunia ziko na udongo ya kwetu ndani, ile ya coltan. Juu ya nini unafikiri zinashika? Leta mufuko moja tu ya Walungu, utasikia paka batu benye banaishi ku mwezi.

Dative alicheka hadi akalazimika kuiweka termosi chini. Lazima hakucheka. Walungu ilikuwa mbali, na kesho ilikuwa karibu. Aliangaza macho huku na huku, yakatua dirishani pa saluni, kwenye sufuria iliyopandwa mche wa pilipili.

Dative: Hapana.

Lazima: Dakika moja tu, Dative.

Dative: Ile pilipili nimeilea wakati yote ya baridi, Lazima. Nilikuwa nalala nayo chumbani.

Lazima: Ni ya mama.

Dative aliguna, akaenda kuileta mwenyewe. Hakuna mtu kijiweni anayejua kumkatalia mama, hata awe mama wa mtu mwingine. Sufuria ikakalishwa kwenye kiti cha abiria, Overtime akaifunga mkanda, Lazima akachomeka waya mweusi chini ya mche na kuzungusha ufunguo. Redio ilibaki kimya. Hata taa haikuwaka.

Overtime: Udongo imekauka.

Kabla mtu hajanyoosha mkono, Overtime alikuwa ameinua termosi na kuimimina yote ndani ya sufuria. Harufu ya kahawa ikajaa gari zima. Redio ikaendelea kunyamaza.

Dative: Overtime, ile ilikuwa kahawa ya mwisho.

Overtime: Tulikuwa tunafanya utafiti.

Dative: Utafiti ya baba yako. Mutakunywa nini sasa?

Waliendelea kuzozana, lakini Lazima hakuwasikia tena. Alikaa mbele ya usukani, waya ule unaonuka kahawa umelala kiganjani. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Alimwona mama ameshuka tena mbele ya nyumba ya binamu, kitenge amekivuta hadi kidevuni, akisema kwa upole kwamba arudishwe. Akaugeuza waya. Mweusi. Ndipo alipokumbuka teksi ya mjomba wake Bukavu, mle alimokalia magaloni ya maji kila likizo. Taa za gari zilipozimika barabarani, mjomba hakuwahi kutafuta udongo. Alifungua boneti, akagonga kipande cha waya mweusi kilichofungwa kwenye chuma cha gari, akatukana kidogo, akasema masi imelegea.

Lazima: Maître. Masi, ile ya gari, kwa Kifaransa si ni masse?

Maître: La masse, oui.

Lazima: Na kwa Kiingereza?

Maître alijikuta ameshika mkanda wa usalama.

Lazima: Iyi ground njo masi. Inataka chuma ya gari. Haitake udongo.

Neno hilo alikuwa nalo tangu utotoni. Hakuwahi tu kulikuta limevaa nguo za Kiingereza.

Maître: Bon. Nilisema udongo. Kwa waya, gari njo udongo yake.

Lazima alikuwa amekwisha kurudi chini ya dashibodi. Alitafuta boliti iliyoshika chuma, akakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akabana waya kwa nguvu zote. Alipozungusha ufunguo, taa ya bluu iliwaka, na sauti ya mwanamume ikajaa gari, nzito, safi, bila mkoromo hata kidogo. Dative aliziba mdomo kwa kiganja. Lazima alisikiliza mpaka macho yakamlowa, kisha akapiga simu Louisville, akaiweka karibu na spika.

Lazima: Mama, sikiliza. Haikoromi.

Kijiwe kizima kilisongamana kando ya mlango wa gari.

Mama: Niko nasikia. Ni mutu wa leo?

Lazima: Wa leo, mama. Wa saa hii.

Mama: Anasema nini?

Lazima alimtazama Overtime. Overtime, ambaye Kiingereza chake kinatosha kabisa kwa makasha, kwa mapumziko na kwa kumdanganya msimamizi, alitikisa kichwa.

Overtime: Haiko Kizungu ya hapa.

Dative: Ni Kifaransa. Si ni Kifaransa?

Wote wakamgeukia Maître. Mzee aliinamisha sikio, akakunja uso, akanyanyua kidole, akakishusha. Kilikuwa Kifaransa kweli, cha ng'ambo ya ziwa, cha watu wa Kanada, kinakimbia na kumeza nusu ya maneno.

Maître: Ni Kifaransa, alisema kwa sauti ndogo. Lakini bamekifanya nini, sijue.

Mama: Masumbuko? Niliuliza, anasema nini?

Angeweza kutunga. Angeweza kumwambia mtu yule anasema barabara ni njema na mvua haitanyesha Ohio. Overtime alikuwa tayari anamkonyeza atunge. Lakini mama yake alikuwa amedanganywa kuhusu barabara na watu wengi mno, na Masumbuko hakutaka kuwa mmoja wao. Ndani ya spika, mtu yule alikatisha maneno yake, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

Lazima: Sijue, mama. Lakini haogopi.

Mtu wa Kanada aliendelea na mambo yake.

Mama: Basi kesho, alisema mama Cibalonza. Muache aseme tu. Nitakuwa ku mulango.

Dative alifungua mkanda wa kiti cha abiria, akaishusha sufuria yake ya pilipili, akairudisha dirishani.